Nyanya za Wakati wa Kusi

Msikilizaji wangu, kaa kitako. Leo nataka tuanzie gatini Kilindoni, kisiwani Mafia, pale abiria wa Nyamisati wanaposhuka na mizigo yao: kuku wananing'inia vichwa chini, magodoro yamekunjwa, na katikati ya yote hayo matenga ya nyanya. Nilisimama kando ya mama mmoja mfanyabiashara akifungua tenga lake. Alikata kamba kwa kisu cha samaki, akatandaza kipande cha turubai, akaanza kuchambua. Za juu nzima, zinang'aa. Za katikati zina michubuko. Alipofika chini, mkono ulizama kwenye rojo. Akazigawa sehemu tatu: nzima za kupeleka Utende kwenye mahoteli, zenye michubuko za kupanga mafungu sokoni, zilizolainika za mama lishe, zipikwe leo leo. Rojo akalimwaga pembeni, na mbuzi wawili wakalisogelea kama waliokuwa na miadi.

Nikamuuliza, "Dada, hapo faida unaipata wapi?"

Hakuniangalia. "Za juu zinazilipia za chini, kaka."

Nimesoma vitabu kadhaa vya uchumi wa kilimo, na sijaona mahali walipoisema vizuri kuliko hivyo. Nyanya inayoliwa Mafia mara nyingi imetoka bara, pengine Ilula kule Iringa, pengine Morogoro au Lushoto. Imepakiwa kwenye tenga la miti, ikapandishwa Fuso, ikashushwa kwenye soko la Dar es Salaam, dalali akachukua chake, ikapandishwa gari jingine la kushuka kusini mpaka Kibiti na Nyamisati, ndipo ikavuka maji. Kila aliyeigusa ameweka mkono wake kwenye bei, na zilizokufa njiani zinalipiwa na zilizofika. Unaponunua fungu la nyanya nne Kilindoni, umenunua na ya tano uliyoikosa, ile waliyokula mbuzi.

Sasa, kijana mmoja wa Juani, aliyekuwa akinisubiri nimalize udadisi wangu, akanishika mkono. Alishakuwa na swali lake. "Shikamoo mzee. Mimi nataka kuweka grinhausi kwetu Kua. Kama nyanya zinafia njiani hivi, mimi si nitatajirika?"

Maafisa ugani wanaiita kitalu nyumba, na mimi nitatumia jina hilo, ingawa mitaani kote ni grinhausi. Nilimjibu kwamba siwezi kusema ndiyo wala hapana bila kwenda kwao. Tukachukua bajaji mpaka Utende, kama kilomita 14 za lami, na pale tukapanda ngalawa.

Kwa msikilizaji asiyepajua, Kua iko kwenye kisiwa cha Juani, ng'ambo ya kisiwa kikubwa cha Mafia, na ngalawa inavuka Ghuba ya Chole kufika huko. Ndipo penye magofu: misikiti, makaburi, jumba la ghorofa ambalo kuta zake bado zimesimama kati ya mibuyu. Ulikuwa mji mkubwa mpaka mwanzoni mwa karne ya 19, walipokuja Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, wakaupora na kuchukua watu utumwani. Yaliyobaki ni mawe na chokaa. Tulipofika maji yalikuwa yanajaa, ikabidi nahodha atuambie mapema: nyinyi mna saa mbili, baada ya hapo mtarudi kwa miguu topeni. Hilo la saa mbili naomba ulikumbuke.

Kijana alinionyesha kiwanja chake, nje ya eneo la magofu, maana magofu yanalindwa na sheria ya mambo ya kale na hakuna wa kuchimba pale hata shimo la choo. Ardhi yenyewe ni matumbawe. Unapiga jembe, linalia kama kengele. Udongo umejificha mifukoni kati ya mawe. Kisima cha kwao kina chumvichumvi, na mwezi wa kumi, alisema, hata chai inabadilika ladha.

Tukakaa chini ya mwembe, tukaanza hesabu. Nitazirudia hapa, lakini nakuomba sana: bei nitakazotaja ni za kupigia hesabu tu. Wewe weka zako za leo, za kwako.

Chukua kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15, kile cha kawaida wanachouza watu wa mjini. Hiyo ni mita za mraba 120. Unaingiza miche 300 ya nyanya za kutambaa kwenye kamba. Tuseme muuzaji anakuletea mabomba ya chuma, nailoni, neti, tangi na mipira ya matone, anakujengea, anakudai milioni 9. Tuseme kila mche unakupa kilo 5 kwa msimu. Hiyo ni kilo 1,500. Ukiuza kilo kwa shilingi 2,000 umepata milioni 3. Toa mbegu, mbolea, dawa, kibarua na nauli, tuseme milioni 1 na laki 2. Umebaki na milioni 1 na laki 8. Misimu miwili kwa mwaka, milioni 3 na laki 6. Kitalu kimejilipa kwa miaka miwili na nusu. Hapo kijana alitabasamu.

Nikamwambia ageuze karatasi. Sasa chukua mwezi ambao Ilula wamevuna kwa pamoja, boti zinakuja kila siku, na kilo imeshuka mpaka 1,000. Umepata milioni 1 na nusu, gharama ni zile zile milioni 1 na laki 2, umebaki na laki 3. Mwaka mzima laki 6. Milioni 9 zako zitarudi baada ya miaka 15, na nailoni ya kitalu hudumu mitatu au minne, kwetu kwenye upepo wa chumvi labda pungufu. Yaani kitalu ni kile kile, miche ile ile, jasho lile lile. Kilichobadilika ni wiki uliyopeleka mzigo sokoni.

Kijana akanyamaza. Mimi nami nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nakumbuka yangu.

Niliwahi kuwa na kitalu, kule Bagamoyo. Muuzaji wangu, ambaye sitamtaja, alikuja na karatasi la rangi lenye picha ya mwanamke akicheka katikati ya nyanya, na maneno "kilo 15 kwa mche". Nikaamini ile picha kuliko hali ya hewa ya nyumbani kwangu. Nilifunga pande zote kwa kuogopa wadudu, nikaning'iniza kipimajoto ndani. Saa nane mchana kilisoma nyuzi 41. Miche ilikuwa mizuri ajabu, mirefu, majani meusi kwa ukijani, wageni wakija nawatembeza kama naonyesha nyumba mpya. Maua yalitoka, yakakaa siku mbili tatu, yakapukutika. Asubuhi nafagia maua ya njano chini kama baada ya harusi. Baadaye nilielewa: joto likipita nyuzi 35 hivi chavua ya nyanya inakufa, na usiku ukiwa na joto la pwani, ua halishiki tunda. Nilivuna kilo mbili na kitu kwa mche. Msimu wa tatu ukaja mnyauko, ule wa bakteria wa kwenye udongo, mche unalala jioni ukiwa mzima na asubuhi umeinama kama nguo mbichi. Hauna dawa. Nikauza mabomba kwa fundi wa mageti.

Tatizo langu lilikuwa kutouliza kitalu nyumba kilizaliwa wapi. Kimezaliwa kwenye baridi. Uholanzi wana karibu hekta 10,000 za nyumba za vioo, nyingi zikipashwa joto kwa gesi, wanatoa kilo 50 na zaidi za nyanya kwenye mita moja ya mraba. Na gesi ilipopanda bei mwaka 2022 baadhi yao waliacha vioo vikae vitupu msimu wa baridi. Almería, kusini mwa Hispania, kuna zaidi ya hekta 30,000 za nailoni, ukitazama kwenye picha za setilaiti utadhani theluji. Wao jua lao linatosha, hawawashi moto. Wote hao joto wanalinunua au wanalitega. Sisi joto tunalo la kugawa.

Kwa hiyo mtu wa Mafia anayejenga kitalu ajue anajenga nini. Anajenga mwavuli. Mafia inapata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na nyingi zinamwagika masika. Nyanya ya nje mwezi wa nne inanyeshewa, majani hayakauki, bakajani linaingia, tunda linapasuka. Paa la nailoni linazuia hilo tu, na hilo tu linatosha. Pande zote ziwe neti, paa liinuke juu, na kule juu kabisa kuwe na mwanya wa kutolea joto. Miti ya kiunzi? Mikandaa imekatazwa, ni misitu ya hifadhi, na Mafia ndiyo yenye hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, tangu 1995. Usianze biashara kwa kugombana na walinzi. Lakini minazi ipo, mizee isiyozaa tena, na mivinje ipo. Fundi wa nyumba za makuti anaweza kusimamisha kiunzi hicho kwa siku chache. Tuseme kimekula milioni 2 na nusu badala ya 9. Rudisha sasa kwenye ile hesabu mbaya ya laki 6 kwa mwaka: kitajilipa kwa miaka minne na kidogo. Si biashara ya kujisifia, lakini haikuuzishi nyumba. Na kwenye hesabu nzuri kimejilipa kabla mwaka haujaisha.

Neti inahitaji neno lake. Tangu mwaka 2014 tunaye mdudu aliyeingia nchini, kitaalamu Tuta absoluta, wakulima wanamwita kantangaze, yaani nenda ukanitangaze. Ni kinondo kidogo, mtoto wake anatoboa jani na tunda, na dawa nyingi hazimtishi. Anasafiri ndani ya nyanya. Lile rojo la pale gatini, na nyanya zenye vitundu vidogo zinazotupwa, ndizo zinazomvusha bahari. Kijana akiwa na kitalu chake Kua halafu mama yake akanunua nyanya za tenga na kutupa makapi nyuma ya jiko, amejiletea mgeni mwenyewe. Makapi yachomwe au yazikwe kina. Na milango ya kitalu iwe miwili, unafunga wa kwanza ndipo unafungua wa pili, kama mtu anayeingia kwenye chandarua.

Ndani ya neti hakuna upepo wa kutosha, kwa hiyo ua la nyanya, ambalo linajitosheleza lenyewe, linahitaji kutikiswa. Asubuhi, umande ukikauka, unapita na kijiti unagonga kamba moja moja, tik, tik, na ukitazama dhidi ya jua unaona vumbi jepesi la njano linashuka. Ni dakika ishirini kwa miche 300. Asiyetaka dakika hizo ishirini alime muhogo.

Na udongo? Hapa ndipo nilipomshika kijana bega. Nikamuuliza pale kwao makumbi ya nazi wanafanyia nini. Akasema mengine wanafukia pwani yaoze, kina mama wapate usumba wa kusuka kamba, mengine kuni, mengine yanaoza tu chini ya minazi. Nikamwambia: wale Waholanzi wenye vioo, wengi wao hawapandi nyanya kwenye udongo. Baadhi yao wanapanda kwenye mifuko ya unga wa makumbi, na makumbi hayo wanayatoa India na Sri Lanka, wanayalipia na meli. Mafia ni kisiwa cha minazi tangu enzi za mashamba ya Waarabu, na sisi malighafi ya Uholanzi tunaipikia ubwabwa.

Unga wa makumbi unapondwa, unachekechwa, unajazwa kwenye mifuko, mche unakaa humo bila kugusa ardhi. Mnyauko uliopo ardhini hauufikii. Matumbawe si kikwazo tena. Sharti ni moja: makumbi yaliyolowekwa baharini yana chumvi, lazima yasuuzwe kwa maji baridi mara kadhaa mpaka yakubali, na ni vizuri kuyalowesha kwa mbolea yenye kalsiamu kabla ya kupanda. Makumbi yasiyopita pwani yana kazi ndogo zaidi. Na kwa sababu makumbi hayana chakula, mbolea inabidi ipite kwenye maji ya matone, kidogo kidogo kila siku. Hilo ni gharama, lipo ndani ya ile milioni 1 na laki 2.

Lakini maji ya kusuuzia makumbi, na ya kunywesha miche, yanatoka wapi kwenye kisiwa chenye visima vya chumvi? Ngoja, nitalifikia. Kwanza soko, maana ndilo lililomtia kijana tamaa.

Kila anayeota kitalu Mafia anaota mahoteli ya Utende na Chole. Wazungu wanakuja kuogelea na papa potwe kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu, wanataka saladi, wanataka nyanya ndogo zile za kumeza nzima, pilipili hoho za rangi tatu. Ni kweli. Lakini hoteli hizo unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mikono miwili, labda uazime vya jirani. Tuseme hoteli moja yenye wageni 20 inatumia kilo 5 za nyanya kwa siku. Hoteli 10 ni kilo 50. Kitalu kimoja kikiwa kwenye mavuno, kilo 1,500 kwa siku 90, kinatoa kilo 16 na kitu kwa siku. Vitatu vimewashibisha wote. Cha nne kinaanza kushusha bei, na cha kumi kinamlilia aliyekijenga. Mtu wa kwanza akifanikiwa, kijiji kizima kinajenga mwaka unaofuata. Hilo tumeliona kwenye kuku wa mayai, tumeliona kwenye matikiti.

Isitoshe hoteli inanunua kwa masharti. Inataka risiti ya mashine ya kodi, EFD, au angalau mtu mwenye namba ya mlipakodi, TIN. Inataka kilo 5 leo, 5 kesho, 5 keshokutwa, saizi moja, si 40 Jumatatu halafu kimya. Inalipa mwisho wa mwezi, wakati kibarua wako anataka hela yake jioni. Wakulima wa Unguja wamekaa na mahoteli miaka mingi, na bado mboga nyingi za mahoteli yao zinavuka kutoka bara. Sababu kubwa nionavyo mimi ni hiyo ya kesho na keshokutwa. Mpishi hawezi kumwambia mgeni kwamba nyanya za Fulani zitaiva Alhamisi.

Na kubwa zaidi: masika yakishika, mwezi wa nne na wa tano, hoteli nyingi za Mafia zinafunga. Zinapaka rangi boti, wafanyakazi wanaenda likizo. Ndio wakati ule ule nyanya ya nje inaoza, barabara za bara ni tope, na yako wewe iko chini ya paa, nyekundu. Una bidhaa adimu, na mteja uliyemwota hayupo.

Basi mteja ni nani? Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 66,000 wilaya nzima ya Mafia. Hao hawafungi mwezi wa tano. Mama lishe wa Kilindoni anapika mchuzi masika na kiangazi. Bibi harusi haangalii msimu wa papa potwe. Yule dada wa tenga pale gatini, boti ikisitishwa kwa sababu ya mawimbi, anakaa mikono mitupu, na wateja wake wanamzunguka. Huyo ndiye wa kuzungumza naye, kabla hujachimba hata shimo la nguzo. Mwulize wiki gani za mwaka jana alikosa mzigo. Anazikumbuka zote, kama mvuvi anavyokumbuka siku alizorudi mtupu.

Nilimwuliza mimi, kabla hatujaondoka gatini. Akaanza kwa vidole: mwishoni mwa mwezi wa nne, mvua. Wa tano, mvua na bahari. Wa sita na wa saba kusi imekaza, boti ndogo zinaogopa, tenga linachelewa siku mbili na joto linafanya kazi yake. Kuanzia wa nane akasema, "Huko Ilula wanamwaga, bei inakuwa matope, hata kusi haiwaokoi nyinyi." Nyinyi, alisema, kana kwamba mimi ndiye mwenye kitalu.

Haya. Rudi nyuma kutoka hapo. Mbegu inasiwa mwishoni mwa Januari, kivulini. Miche inahamishiwa kwenye mifuko karibu na mwisho wa Februari. Maua ya kwanza yatakutana na joto la Machi na mengi yatapukutika, usishangae wala usimwite mganga; chagua mbegu inayovumilia joto na ungojee mawingu ya masika yapoze paa. Mavuno yanaanza mwezi wa tano. Nyanya ya kamba, tofauti na ile ya kichaka ya shambani, haikupi zote kwa wiki mbili. Inapanda na kuzaa, inapanda na kuzaa, mpaka mwisho wa wa saba. Umeingia sokoni wakati wa mvua, ukakutana na kusi, na mwezi wa sita hoteli zikafungua milango ukiwa tayari na matunda mkononi. Msimu mmoja huo, ukiuza kilo kwa wastani wa 3,500 ambao ukame wa boti unaweza kuuleta, ni zaidi ya milioni 5. Msimu wa pili, wa kuvuna wa kumi na kuendelea, usiweke nyanya kabisa. Weka matango, weka pilipili hoho. Au acha kitalu kipumzike. Na tafadhali, mchicha, bamia na matembele yabaki nje. Mchicha unakuwa tayari ndani ya mwezi bila kudai nailoni ya mtu.

Kuhusu mtaji nitapita haraka. Ofisi ya Waziri Mkuu iliendesha mafunzo ya vitalu nyumba kwa vijana katika halmashauri, na mwenye bahati alijifunza huko kufunga kamba na kupogoa. Ipo ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kwa kawaida inatolewa kwa kikundi. Nenda na kalenda niliyoitaja, uombe marejesho yaanze wa sita, si mwezi mmoja baada ya kusaini. Mkopo unaodaiwa wakati mche una majani manne unamfanya mtu auze mbolea.

Fundi mitambo hapa studio ananionyesha vidole vitano: dakika tano zimebaki. Maji, basi.

Paa la mita za mraba 120, kwa mvua ya milimita 1,900, linapokea lita 228,000 kwa mwaka. Toa zinazoruka na kumwagika, sema umekinga 180,000. Miche 300 ikinywa lita moja na nusu kila mmoja ni lita 450 kwa siku. Siku 150 ni lita 67,500. Umeona? Paa lile lile linalozuia mvua isiue nyanya ndilo linaloleta maji ya kuinywesha, na yanabaki ya kusuuzia makumbi. Kijana alirudia hesabu mara mbili kwenye simu yake, hakuamini. Shida ni kwamba mvua haiji kwa lita 450 kwa siku. Inakuja yote masika, halafu wa sita na wa saba, ambao ndio mavuno yenyewe, inapungua sana. Siku 60 mara 450: lita 27,000 za kuweka akiba. Simtanki la lita 5,000 linakwisha siku ya kumi na moja. Ungehitaji sita, na hapo milioni 2 na nusu yetu imeshavunjika mgongo.

Tulirudi ufukweni tukipita ukingoni mwa magofu. Kando ya msikiti mmoja tukasimama kwenye birika la kutawadhia, la mawe na chokaa, pembe zake bado kali baada ya miaka yote hiyo. Halina maji, lina majani makavu ya mbuyu na mjusi mmoja. Kijana alilitazama muda mrefu kuliko alivyolitazama karatasi langu.

"Mzee," akasema, "lita 27,000 ni mita ngapi?"

Nikamwambia: tatu kwa tatu, kina tatu.

Hakujibu. Alirudi mpaka kwenye kiwanja chake, nikamwona kwa mbali akipiga hatua, tatu kwenda, tatu kukata kona, akachukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa kwenye mwembe akaupiga chini kati ya mawe. Ulilia mara ya kwanza. Ukalia mara ya pili. Mara ya tatu ulizama, na akanigeukia akiwa anacheka, akiuacha umesimama pale pale, huku nahodha akitupigia mbinja kwamba maji yameanza kupwa.